Garanti ya miezi sita inamlinda nani?

Sheria ya Kongo-Kinshasa ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi, yaani pesa za dhamana anazoweka mpangaji kwa mwenye nyumba, isizidi kodi ya miezi mitatu. Hapa Lubumbashi, ukienda kutafuta chumba Katuba au Kampemba, mara nyingi utaombwa sita. Kwa mzaliwa wa mji jambo hilo huzungumzwa likaisha: kuna mjomba anayemfahamu mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, kuna mama wa kanisani atakayesema "huyu ni mtoto wetu". Aliyeshuka treni jana akitoka Kananga, kule Kasai, hana wa kumsemea. Analipa.

Zamani mgeni alipokelewa vingine. Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, ilipoandika wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Zambia ya leo, iliwajengea kambi. Ukiacha kazi ulitoka na nyumbani, ni kweli, lakini hukuhitaji garanti. Leo hakuna kampuni inayomngoja mtu stesheni.

Tupige hesabu. Chumba na saluni (sebule) kwa dola 60 kwa mwezi: garanti ya miezi sita ni dola 360, na komisionere, dalali wa nyumba, naye anataka kodi ya mwezi mmoja. Jumla 420, mkononi, kabla ya kununua godoro. Garanti ya kisheria ingekuwa 180. Dola 180 zinazozidi ndizo mtaji wa mtu aliyekuja kuuza viatu katika soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi.

Hata hivyo siwezi kuwaita wenye nyumba wanyang'anyi. Mwaka jana nilimsindikiza mdogo wangu kwa mama mmoja mjane wa Katuba, ambaye chumba cha nyuma ndicho kinachomlisha. Alituketisha chini ya mwembe, akatuonyesha mlango usio na kitasa. "Mwanangu, aliyetangulia alihama usiku na miezi yangu minne, na deni la umeme juu. Wewe ukihama, nikufuate Kasai?" Sikuwa na jibu. Kumshitaki mpangaji ni nauli, ni karatasi, ni siku za kupoteza, na mtu mwenyewe ameshapotea. Garanti ndiyo mahakama ya mama huyu.

Bahati mbaya, mahakama hiyo haimsaidii. Pesa za garanti hazikai. Zinageuka simenti na mabati wiki ileile, na siku mpangaji anapotaka kuondoka anaambiwa asubiri mwingine alete yake. Watu wanalijua hilo, ndiyo maana wanakula garanti: wanakaa miezi ya mwisho bila kulipa. Wakitoka, mama hana hata senti ya kitasa. Miezi sita imemkaba mgeni alipoingia, na mpangaji alipotoka haikumfaa mwenye nyumba. Mitatu inatosha, mradi iandikwe.

Komisionere ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Anayedai pesa za kukutembeza kabla hujaona hata mlango, au anayeuzia watu watatu chumba kimoja, anastahili lawama hizo zote. Lakini mgeni atamwuliza nani mwingine kama kisima cha lupango hukauka Septemba? Nyumba inayotazamwa Agosti haionyeshi paa linalovuja. Mvua kubwa zitakuja baadaye, garanti ikiwa imeshatumika. Aliyetutembeza sisi alinyoosha kidole kwenye doa la maji darini kabla hatujauliza, na kwa hilo peke yake nilimlipa bila kunung'unika.

Kwa mama wa Katuba tulikubaliana miezi mitatu. Tuliandika karatasi mbili, kila upande yake: kiasi kilichotolewa, usomaji wa mita ya umeme siku hiyo, doa la darini, mlango. Shemeji yetu anayeishi Ruashi alitia sahihi na kuacha namba yake ya simu, ili mama awe na mtu wa kumfuata. Kitasa alikinunua mdogo wangu, kikakatwa kwenye kodi ya mwezi wa kwanza.