Tazama mdomo wa chambo, rangi baadaye

Kila nikikutana na kijana anayeanza kuvua sangara kwa fimbo hapa Mwanza, swali lake ni lile lile: ninunue chambo cha rangi gani? Huwa nakichukua kile chambo bandia, nakigeuza, namwonyesha mdomo wa plastiki uliochomoza puani. Huo ndio wa kununua. Mdomo mfupi uliosimama hukiacha chambo juu juu. Mrefu na mpana, uliolala karibu sawa na mwili, hukizamisha boti inapokikokota.

Halafu kuna namba. Chambo cha kampuni ya Rapala kiitwacho X-Rap Magnum, namba 20, kimetengenezwa kifike futi 20, kama mita 6. Namba 30 ni mita 9 hivi. Lakini chambo hakifiki huko ukikiachia mshipi mfupi nyuma ya boti. Nailoni nene nayo hukinzana na maji ikakizuia kushuka, ndiyo maana napenda uzi mwembamba wa kusuka, na kipande cha nailoni ngumu mwishoni kwa sababu ya kinywa cha sangara kinachokwaruza. Wengine huongeza moto wa injini wakidhani chambo kitazama zaidi. Ukizidisha, kinapinduka na kuibuka.

Msimamo wangu ni huu: chagua chambo kinachozama kupita kidogo kina cha mwamba, kigonge mawe. Kwenye mawe ya mita 5 natumia namba 20. Ncha ya fimbo hutetemeka mfululizo, kisha unasikia mkononi ko, ko, chambo kinaruka pembeni, na mara nyingi sangara hukipiga papo hapo. Wanaoogopa kukwama huvua juu ya samaki siku nzima. Chambo cha kuelea kikinasa kwenye mawe, legeza mshipi. Mara nyingi hurudi nyuma na kupanda chenyewe.

Ila kina kikubwa si dawa ya kila siku. Ziwa Victoria hufika mita 80 hivi, na miezi ya joto maji yanapotulia, tabaka la chini huishiwa oksijeni, sangara wakalikimbia. Pepo za Juni na Julai ndizo huyachanganya maji. Kwa hiyo kuburuta chambo kwenye kina kisicho na hewa ni kuchoma mafuta.

Kinachoniuma ni kuona watu wakitupa chambo kizima kwa sababu kinakwenda upande. Mwaka jana nilinunua kimoja kipya, kikawa kinakimbilia kushoto. Nilishika kwa koleo kile kitanzi cha waya kinachofungwa mshipi, nikakipinda kulia, kiasi cha unywele tu. Nikakijaribu ubavuni mwa boti: bado. Nikapinda tena kidogo, kikanyooka, kichwa chini, mkia ukicheza. Jioni nilipokitoa majini, ncha ya mdomo wake ilikuwa nyeupe kwa mikwaruzo ya mawe.