Jiko la Umeme Limesusa

Jiko la umeme lina adabu mbovu. Asubuhi, kwa chai ya mtu mmoja, linawaka kama tanuri la chokaa. Tui zito likishatiwa kwenye pweza, linasusa.

Anaitwa fundi. Hajavua hata kofia ashatoa hukumu: "Koili imekufa hii, nunua nyengine." Imekufaje, yakhe, na hujaigusa?

Koili, ule mduara wa chuma unaotoa moto chini ya sufuria, haifi ovyo. Kama ni za kuchomoa, zima ukutani, toa plagi, ngoja jiko lipoe, kisha ihamishie koili mbovu pahala pa koili nzima ya ukubwa ule ule. Ikiwaka huko, marehemu yu hai; tazama soketi inayoshika koili, waya au swichi. Isipowaka, itoe uipime kwa mita ya fundi ya kupimia umeme: ya wati 1500 kwa volti 230 inasoma kama omu 35 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika, hapo ndio usome hitma. Halafu pima baina ya mguu wa koili na ganda lake la chuma. Hapo hapatakiwi kusoma chochote. Pakisoma, ndilo lile jiko linalompiga shoti kila anayekoroga kwa kijiko cha chuma, na nyumba nzima inaapa lina shetani.

Mchawi mkubwa ni tui. Linafurika na chumvi yake, linateremka taratibu mpaka kwenye soketi ya kauri iliyoshika miguu ya koili. Hewa ya bahari nayo inaleta kutu yake. Kibati cha ndani kinalegea. Kikilegea panachemka, pakichemka kinazidi kulegea, mwisho mguu wa koili unakuwa mweusi, una vitundu kama umeliwa na mchwa. Kuupiga msasa ni dawa ya wiki moja. Badilisha koili pamoja na soketi yake, maana koili mpya kwenye soketi iliyoungua ni bi harusi kupelekwa nyumba inayowaka moto.

Na huyo fundi asiungie waya kwa tepu nyeusi ya plastiki! Chini ya jiko tepu ile inalainika kama halua juani. Atie waya wenye ganda la kuhimili moto, na aunganishe kwa konekta ya kauri, aikaze skurubu.

Koili ikibaki nyekundu hata ukirudisha namba 1, usiisingizie. Vijibati vya ndani ya swichi vimegandana. Swichi hiyo inabadilishwa tu, haichokonolewi kwa kisu; mkate wa kumimina ushaungua chini, juu bado uji.

Kuna na ule ugonjwa wa magharibi ya Ramadhani, kila nyumba imewasha, jiko linapata joto la kikwapa. Kabla ya kwenda soko la Darajani kununua koili, mwambie fundi apime volti za ukutani. Zikishuka kutoka 230 mpaka 180, jiko la wati 1500 linabakiwa na kama 920 tu, maana volti zikipungua kidogo, moto unapungua sana. Koili nzima, swichi nzima, na mbaazi za futari zitaiva daku.