Mwizi Chini, Farasi Juu

Anayeanza gemu ya Skyrim huanza akiwa mfungwa. Mikono imefungwa kamba, yumo ndani ya gari la farasi, anapelekwa mji wa Helgen kukatwa kichwa. Ameketi pamoja na Ralof, mwasi mwenye maneno mengi, na Ulfric Stormcloak aliyezibwa mdomo. Wa tatu ni Lokir, mwizi wa farasi, anayelalamika kwamba lau si waasi hawa, angekuwa ameshamwiba farasi yule na kufika nusu ya njia ya kwenda Hammerfell, jimbo jirani.

Kwenye kompyuta ya shemeji yangu, Lokir alitoa lalamiko hilo wakati farasi mwenyewe akipita juu ya kichwa chake, tumbo likitazama mawingu. Gari likafuata. Lilipinduka, likatua kwa ukingo wa gurudumu moja, likaanza kuzunguka palepale kama pia. Ulfric hakutikisa hata ndevu. Ralof, kichwa chini miguu juu, aliendelea kumkumbuka msichana wa Helgen aliyempenda zamani, bila kupoteza neno.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni modi gani?"

Alikuwa ameweka modi, yaani nyongeza za gemu zinazotengenezwa na wachezaji, mia tatu na ushee kwa mkupuo, ndipo akabonyeza kitufe cha kuanza. Ukifanya hivyo, swali la "modi gani" lina majibu mia tatu na ushee. Ukiweka kumi kumi na kufungua gemu kila mara, tatizo likitokea lina washukiwa kumi. Shemeji alisema hana muda wa kumi kumi. Muda wa kumtazama farasi akipaa alikuwa nao.

Tulianza na mshukiwa ambaye wala si modi. Skrini yake mpya ni ya Hz 144, yaani inaweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde, na ili aifaidi, alikuwa ameingia kwenye faili la SkyrimPrefs.ini, sehemu ya [Display], akaandika iVSyncPresentInterval=0, kuondoa kikomo cha picha hizo. Fremu, ndizo hizo picha, zikapanda hadi 144 kwa sekunde. Hesabu za fizikia za gemu hii, zinazofanywa na programu ya Havok, zimepangiwa fremu 60. Ukizidisha, vitu vinasukumwa kuliko ilivyokusudiwa: unaingia chumbani, sahani na ndoo zinaruka mezani zenyewe. Na gari la Helgen si picha inayoteleza kwenye reli. Ni mzigo wa kweli wa fizikia, una uzito na unagongana na vitu njia nzima. Kwa hiyo linachanganyikiwa kabla ya kitu kingine chochote.

"Kwa hiyo nimenunua skrini bure?"

Si bure. Njia ya zamani ni kufungua Skyrim.ini, sehemu ya [HAVOK], na kuandika kwenye fMaxTime urefu wa fremu moja kwa sekunde. Moja gawanya kwa 60 ni 0.0167, moja gawanya kwa 144 ni 0.0069. Ubaya wake ni kwamba namba hiyo imesimama lakini fremu hazisimami. Ukiingia mji wenye watu wengi fremu zikashuka hadi 70, dunia nzima inatembea polepole utadhani imenyweshwa dawa. Afadhali modi ya SSE Display Tweaks, inayokokotoa upya muda huo kadiri fremu zinavyopanda na kushuka. Yenyewe inataka vitu viwili viwepo kwanza: SKSE, programu inayoipa gemu uwezo wa ziada, na Address Library, orodha inayozielekeza modi ndani ya gemu.

"SKSE ninayo," akasema kwa fahari.

Alikuwa nayo kweli. Ilikuwa kwenye folda ya vitu alivyopakua, bado imefungwa kwenye zip.

Tukaifungua. Faili la skse64_loader.exe na zile dll zake (faili za msimbo) hukaa bega kwa bega na SkyrimSE.exe, na tangu hapo gemu inafunguliwa kwa hilo, si kwa ikoni ya zamani. Toleo lazima lilingane na la gemu: SKSE ya 1.5.97 haifanyi kazi kwenye 1.6.1170, na modi zenye dll nazo huchagua upande. Namba ya toleo inasomwa kwa kubonyeza SkyrimSE.exe kitufe cha kulia na kuangalia sifa zake. Ukishaingia, fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri, kwa kitufe kilicho chini ya Esc, andika getskseversion. Ikijibu namba, imo. Ya shemeji ilijibu namba, naye akaishangilia kana kwamba ameshinda gemu.

Safari ya pili, farasi alitembea kama farasi. Tulimsikia Lokir hadi mwisho wa sentensi. Kwenye kona gari likakutana na msonobari uliosimama katikati ya barabara, mzima, wenye afya njema, na majani yenye ubora wa 4K. Farasi akaupita. Gari halikuupita.

Hapa nilimpa shemeji moyo kwamba hata waliotengeneza gemu walikutana na haya. Nate Purkeypile, aliyekuwa mmoja wao, alisimulia mwaka 2021 jinsi gari hilohilo lilivyokuwa likitetemeka na kuruka angani mara nyingine, na mara nyingine halina neno. Chanzo kilikuwa nyuki. Nyuki hawakuwa wakiokoteka, wakarekebishwa waokotwe, na marekebisho yakawapa mgongano usiosukumika kabisa. Nyuki akikatiza njia, gari lililomgonga ndilo lililoondoka. Ndiyo maana ukiona gari limepaa kwenye fremu 60, usitafute kitu kikubwa. Tafuta chochote kilichoongezwa kando ya njia ile: mti, jiwe, kuku, askari wa doria.

Kumjua mwenye mti ni rahisi. Konsoli ikiwa wazi, bonyeza mti wenyewe, na juu ya skrini inatokea namba ya tarakimu nane. Mbili za mwanzo ndizo zinazomtaja mwenyewe: ni nafasi ya plagini, yaani faili kuu la modi, kwenye mpangilio wa kupakiwa. Ya mti wetu zilikuwa 3A.

Nilikwenda kunywa maji. Niliporudi, shemeji alikuwa amezima modi ya tatu, pamoja na zote zinazoanza na herufi A.

Nikamweleza taratibu. Hesabu hiyo ni ya kumi na sita, inakwenda 0 hadi 9 kisha A hadi F. Kwa hiyo 3A ni tatu mara kumi na sita, jumlisha kumi: 58. Na kwa kuwa inaanzia 00, ni plagini ya hamsini na tisa. Wala huhitaji kukokotoa, maana Mod Organizer 2, programu ya kupangia modi, ina safu ya namba hizo upande wa kulia, zimeshaandikwa. Namba ikianza na FE, huyo ni plagini nyepesi, ile aina ya ESL, na nafasi yake inasomwa kwenye tarakimu tatu zinazofuata. Nyepesi zinaweza kufika 4096, ilhali zile nzito, ukihesabu na faili za gemu yenyewe, hazivuki 254. Ikianza na FF, kitu hicho hakikutoka kwenye plagini yoyote: kimezaliwa humohumo wakati wa kucheza.

Ya 58 ilikuwa modi ya misitu, kama mtu yeyote angekisia. Kwa haraka unaweza kuubonyeza mti kwenye konsoli na kuandika disable. Utatoweka, lakini kwa mchezo huo tu. Ukianza upya upo tena. Dawa ya kudumu ni xEdit, programu ya kuhariri plagini: fungua, bandika ile namba, fika kwenye rekodi ya mti, uweke alama ya Initially Disabled ndani ya plagini ndogo ya kiraka. Usiufute. Kitu kilichofutwa kabisa kinaacha shimo, na modi nyingine ikija kukitafuta kwenye shimo hilo gemu inajizima bila kuaga. Ndiyo sababu xEdit yenyewe, ikikuta vilivyofutwa, huvirudisha, huvizima na kuvishusha hadi kina cha -30000, chini kabisa ya ardhi, asikokwenda mtu.

Shemeji akauliza kama na farasi anaweza kupelekwa huko.

Safari ya tatu nilimwomba tusipande gari. Ndani ya gari huwezi kusevu, na kila jaribio linakugharimu hotuba nzima ya Ralof. Kwa majaribio tu, kwenye menyu kuu, kabla ya kuanza chochote, fungua konsoli uandike coc riverwood. Unatua kijijini papo hapo, unaona kama miti, nyuso na mwanga viko sawa, unatoka. Usiuendeleze mchezo huo, kwa sababu hadithi kuu haijawashwa vizuri. Shemeji akasema yeye hajatoka kote huko ili akwepe mwanzo. Tukapanda gari.

Wafungwa wote walikuwa wamenyoosha mikono kama wasulubiwa. Kamba za viganjani hazikuwazuia. Lokir alipitisha mkono wa kushoto ndani ya kifua cha Ralof, Ralof akapitisha wake ndani ya Ulfric, wakasafiri hivyo. Dereva aliyeendesha farasi hakuwa ameshika hatamu wala kitu kingine chochote. Ilikuwa matunda ya herufi A: miongoni mwa zilizozimwa kulikuwa na modi kubwa ya mijongeo, yaani jinsi miili inavyosogea. Nemesis, programu ya kuunganisha mijongeo, kama ilivyo FNIS, huandika faili za tabia kulingana na mijongeo iliyopo siku ilipoendeshwa. Ukiongeza au ukiondoa mojawapo, unaiendesha tena, na unaiendesha kutoka ndani ya Mod Organizer 2, kwa sababu folda ya modi inayoonekana na gemu ni ya kimazingaombwe: programu iliyofunguliwa nje haioni modi hata moja. Matokeo huangukia kwenye folda ya Overwrite. Yahamishie kwenye modi yake yenye jina, yasijepotea siku ya usafi.

Safari ya nne tulifika Helgen. Hadvar, askari wa dola, akafungua daftari kusoma majina. Lokir alipoitwa akakimbia, akapigwa mishale kwa wakati wake. Kisha Hadvar akatugeukia, na shemeji akasogeza kiti nyuma. Kuanzia shingoni kushuka Hadvar alikuwa mtu. Kuanzia shingoni kupanda alikuwa rangi ya masizi, kichwa kizima, pamoja na meno.

Hii wengi huidhania kuwa picha imeharibika na hukimbilia kupakua upya. Si picha. Kichwa cha mhusika kina pande mbili zinazopaswa kukubaliana: rekodi iliyo kwenye plagini, na umbo la uso lililopikwa tayari kwenye folda ya facegendata. Shemeji alikuwa na modi mbili za kumpendezesha Hadvar. Upande wa kulia wa Mod Organizer 2, wa plagini, ilishinda moja, upande wa kushoto, wa mafaili, ikashinda nyingine. Gemu ikaona mwili wa huyu na kichwa cha yule, ikakataa kupaka rangi. Chagua mmoja, mfanye ashinde pande zote mbili, yaani awe chini ya mwenzake huku na huku, maana anayepakiwa mwisho ndiye anayesikilizwa. LOOT, programu ya kupanga plagini, hupanga upande wa kulia tu, tena kwa kadiri inavyozijua modi zako. Wa kushoto ni wako wewe. Ingekuwa zambarau iliyoiva, hapo ndipo ningesema picha haipo.

Tukampa Hadvar uso. Shemeji akaunda mhusika wake, kazi iliyochukua muda kuliko ukarabati wote, maana alikuwa na modi sita za nywele. Akapelekwa kwenye gogo. Akapiga magoti, akaweka kichwa. Mnyongaji akainua macho. Kisha kimya.

Hapa joka hutua juu ya mnara na kuvuruga kila kitu. Halikuja. Mnyongaji alisimama na shoka lake. Jenerali Tullius alisimama. Kona ya juu kushoto, ujumbe mmoja mmoja ulikuwa ukipita, modi zikijiandikisha kwenye menyu ya modi iitwayo SkyUI: ya kambi, ya njaa, ya baridi, ya kunyoa.

"Sasa nasubiri nini?"

"Kuuawa, shemeji."

"Hawaniui!"

Hawakuweza. Tukio la Helgen linaendeshwa kwa skripti, yaani amri zilizoandikwa tayari, zinazopokezana zamu, na modi zote zenye skripti huamka wakati huohuo zikitaka nafasi kwenye foleni ileile. Joka lilikuwa nyuma ya modi ya kunyoa. Wakati mwingine foleni hupungua, joka likaja limechelewa. Wakati mwingine zamu inapotea na mnyongaji anabaki hivyo milele. Modi za skripti ni vizuri ziwashwe, kwenye menyu zao, baada ya kutoka Helgen, chache chache. Ziwashwe, nasema, kuzitoa katikati ya mchezo ni balaa lingine, kwa sababu skripti zake hubaki ndani ya sevu zikiita mtu aliyekwisha hama.

Nikamwekea Alternate Start - Live Another Life, modi inayobadilisha mwanzo wa gemu, pamoja na kiraka cha Unofficial Skyrim Special Edition Patch inayodaiwa nayo. Gari halipo tena. Unaamka kwenye selo ya gereza lililotelekezwa, unazungumza na sanamu ya Mara, unachagua maisha. Shemeji akachagua kuwa mgeni wa nyumba ya wageni, akatoka mlangoni, akaona miti iko pembeni mwa barabara, akafurahi. Nikaenda zangu.

Usiku akapiga simu. Amefika Riverwood, amempiga mshale kuku mmoja tu, wa kujaribia upinde, na sasa kijiji kizima kinamkimbiza, hadi mhunzi. Alikuwa ameshaandika orodha ya modi kumi na nne anazozishuku.

Nikamwambia afungue konsoli, ambonyeze marehemu, anisomee tarakimu mbili za mwanzo.

"Sifuri sifuri," akasema. Kisha, baada ya kuhesabu: "Hiyo si gemu yenyewe?"

"Ndiyo, shemeji. Kimbia."