Saa iliyookolewa bado si faida
Eti kila saa ya kazi inayookolewa inageuka faida: ndivyo ninavyoielewa hoja ya mwandishi wa makala ninayoijibu hapa, anaposema kuongeza tija (kufanya kazi nyingi zaidi kwa saa zile zile) ndiyo njia ya uhakika ya kukuza faida ya kampuni. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha uchapaji na hesabu haiendi hivyo. Ililetwa mashine mpya ya kuchapa, kasi karibu mara mbili ya ile ya zamani, wakubwa wakapiga nayo picha. Lakini mashine ya kukata karatasi ilibaki moja, ile ile, kwa hiyo kazi zikarundikana mbele yake kuliko hata zamani, na fedha zikalala humo kwenye rundo. Faida ilianza kusogea baadaye, tulipopunguza muda wa kubadilisha visu na vipimo kati ya kazi moja na nyingine, jambo ambalo halikugharimu karibu chochote. Na hapo ni kwa sababu oda zilikuwepo. Wateja wasipoongezeka na mishahara ikabaki vile vile, saa iliyookolewa huishia kwenye soga. Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, alipoanza kuunganisha magari kwa mstari unaotembea mwaka 1913, muda wa kuunganisha chasisi (fremu ya gari na mitambo yake) ulishuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu, lakini alishusha na bei, akauza mengi zaidi. Hilo la bei mwandishi hakuligusa kabisa. Washindani wote wakipata tija ile ile, akiba inabaki kwa nani, kampuni au mnunuzi?