Kaboni ya kunasa zebaki: hivi kweli inahamisha sumu tu?

Kila mjadala wa umeme wa makaa ya mawe ukianza lazima atokee mtu aseme ile kaboni wanayopuliza kwenye moshi ili inase zebaki ni kiini macho, sumu inatoka hewani inaingia kwenye majivu, mabilioni ya dola yameshateketea na zebaki ni ileile. Hoja ina ukweli wake na nitaifikia, ila mi naona kaboni inaonewa.

Waliokaa Geita au Chunya hii kitu wanaijua, ni zile chenga nyeusi zinazonasa dhahabu kwenye maji ya sayanaidi kabla hazijapelekwa ilusheni, yaani kuvuliwa hiyo dhahabu. Ya kwenye moshi ni ndugu yake, ila imesagwa ikawa unga laini kabisa, na gramu moja tu ukiweza kuvitandaza vitundu vyake vyote unapata eneo linalozidi kiwanja cha 20 kwa 20. Inapulizwa kwenye njia ya moshi, joto kama nyuzi 150 hivi, na ina sekunde chache tu za kukutana na zebaki kabla havijafika wote kwenye filta, alafu zebaki yenyewe ni kiduchu mno, mara nyingi mikrogramu 10 hivi kwenye kila mita ya ujazo ya moshi, na kuna gesi za salfa zinagombania vitundu hivyohivyo. Yaani umtafute mtu mmoja Kariakoo mkesha wa Idi na umepewa dakika moja.

Sasa zebaki ya kwenye moshi haiko ya aina moja. Iliyoshikana na klorini inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo skraba, ule mtambo wa kuosha moshi uliofungwa kwa ajili ya salfa, inaiosha bure. Ile tupu haiyeyuki, inapita hapo kama haijaona kitu, inatoka juu na inaweza kukaa hewani miezi mingi ikizunguka dunia. Makaa ya Powder River kule Wyoming, Marekani, yana klorini kidogo sana, zebaki yake nyingi inatoka tupu, na hapo ndo ikaja kaboni iliyotiwa bromini, bromini inaibadilisha zebaki na kuing'ang'aniza pale juu ya kaboni, unatumia unga kidogo unanasa nyingi.

Wanaosema haina haja ya kaboni wanaiangalia China. 2011 China iliweka kikomo cha zebaki cha miligramu 0.03, yaani mikrogramu 30, kwa mita ya ujazo ya moshi, India 2015 wakaja na namba hiyohiyo, na mitambo mingi inaweza kufika hapo kwa filta na skraba ilizonazo tayari bila kununua hata kilo moja ya kaboni. Kwa nchi inayohesabu senti ni hoja nzito. Ila kikomo cha Marekani kwa mitambo mingi ni karibu mara 20 chini ya hapo, na ukitaka kushuka huko na makaa yako hayana klorini, skraba peke yake haikufikishi.

Na Marekani ndo kwenye kesi yenyewe. Desemba 2011 shirika lao la mazingira, EPA, lilitoa kanuni ya zebaki na sumu nyingine za mitambo ya umeme, gharama ikakadiriwa dola bilioni 9.6 kwa mwaka. Faida wakasema bilioni 37 hadi 90, lakini sehemu ya zebaki yenyewe waliyoweza kuipigia hesabu ilikuwa milioni 4 hadi 6. Ndiyo, milioni. Iliyobaki karibu yote ilitokana na vumbi laini kupungua. Juni 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikaamua 5 kwa 4, jaji Scalia ndo aliandika, kwamba EPA walikosea kutoangalia gharama pale mwanzo walipoamua kama kanuni inafaa, na tangu hapo hiyo namba ndo rungu la kila mpinzani, bilioni 9.6 kutafuta milioni 6, nani mwenye akili anafanya biashara hiyo?

Hii namba inanikera, naomba nikae nayo kidogo. Walihesabu kitu kimoja tu, akili zinazopotea kwa watoto ambao mama zao wakiwa wajawazito walikula samaki wa maji baridi waliovuliwa na ndugu zao wanaovua kwa kujifurahisha. Basi. Anayekula jodari wa kopo hayumo. Samaki wa baharini na wa kununua dukani hawamo. Moyo haumo, na mtu mzima mwenyewe hayumo. Haina maana waliona hayo hayana madhara, ila hawakuwa na njia ya kuyageuza dola kwa uhakika, sasa kisichohesabika kikasomwa kama sifuri. Ni sawa na kupima mvua kwa kikombe ulichoacha chini ya mwembe alafu unatangaza ukame. Kwenye hilo la vumbi nakubali wapinzani wana pointi, kanuni ya zebaki inayojitetea kwa faida za vumbi inaleta maswali ya sheria. Ila 2018 kampuni za umeme zenyewe zilisema zimeshatumia zaidi ya dola bilioni 18 na zikaomba kanuni iachwe ilivyo. Kati ya 2010 na 2017 zebaki ya mitambo hiyo ilishuka 86%, japo sifa zote si za kaboni, gesi ya bei rahisi ilifungisha mitambo mingi ya makaa.

Turudi kwenye kuhamisha sumu. Ni kweli inahama. Na majivu nayo yana balaa lake, Desemba 2008 bwawa la majivu la Kingston, Tennessee lilipasuka likafunika mto na nyumba za watu. Alafu majivu yenye kaboni nyingi watu wa zege hawayataki, kaboni inanyonya ile dawa ya kuweka viputo vya hewa, kwa hiyo kitu kilichokuwa kinauzwa kinageuka taka ya kulipia. Mbaya zaidi ukiyapeleka kwenye tanuru la saruji kama malighafi, ule moto unaitoa zebaki yote tena hewani. Hapo sibishi, hiyo ni kazi bure kabisa.

Lakini ikilala kwenye shimo lililotandikwa vizuri, ikiwa imeshikwa na kaboni, inavuja kidogo sana. Ikiwa hewani itashuka ziwani au baharini, bakteria wataigeuza methilizebaki, ile aina inayojikusanya kwenye samaki, itaingia kwa dagaa, kwa sangara, mpaka mezani. Taka za nyumbani nazo tunazihamisha tu, mbona hatuziachi sebuleni.

Hoja inayonipa shida kweli ni nyingine. Hesabu za UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, za mwaka 2015 zilionyesha tani kama 2,220 za zebaki zilizoingia hewani kwa shughuli za binadamu, uchimbaji mdogo wa dhahabu 38%, makaa yanayochomwa kwenye mitambo, boila na majumbani 21%. Sasa mtu akiuliza kwa nini bilioni zote ziende kwenye chimni za Ohio wakati kuna anayechoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kwenye kikaango nyuma ya nyumba, mtoto kakaa pembeni, sina jibu la haraka. Tena huko wala haihitaji bromini. Moshi wa duka la dhahabu una zebaki nzito kiasi kwamba ikigonga vipande vya chuma vilivyopangwa ndani ya pipa inajikusanya yenyewe, EPA hao hao na maabara ya Argonne ya hukohuko Marekani walijaribu kifaa cha hivyo Brazil na Peru kikanasa kama 80%, kitu ambacho fundi wa kuchomelea pale Katoro anaweza kukitengeneza akipewa mchoro.