Kanzu Yangu Ukweni kwa Mjomba

Ijumaa hiyo nilikuwa na shughuli mbili. Asubuhi nivike penseli polima, jamii ya plastiki, alasiri nimsindikize mjomba Magomeni kupeleka barua ya posa. Ndiyo maana niliingia maabara na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, juu yake koti la maabara. Koti linaishia magotini, kanzu inashuka mpaka vifundoni. Ishikeni hesabu hiyo.

Penseli ni elektrodi ya wanyonge, yaani ncha ya kupitishia umeme kwenye kimiminika. Kile kijiti cheusi cha ndani ni grafiti iliyochanganywa na udongo, na kinapitisha umeme vizuri tu. Ukikivika polianilini, kinaigundua vitamini C ya kwenye juisi kwa volti ndogo kuliko kikiwa kitupu. Polianilini yenyewe ni plastiki isiyojua kama ni plastiki, maana inapitisha umeme. Ukoo huu wa polima uliwapa Heeger, MacDiarmid na Shirakawa Nobeli ya Kemia ya mwaka 2000, na hata wao walianzia kwenye balaa: katika maabara ya Japani mtu alitia kichocheo mara elfu ya kipimo, ukatokea utando unaong'aa mithili ya fedha. Yule balaa lake liliishia Stockholm. Langu lilipanda daladala.

Njia ya kistaarabu ni kuchovya penseli kwenye anilini, kimiminika kinachozaa polianilini, yenye asidi, kisha potenshiostati, mashine ya kupimia elektrodi, ipandishe na kushusha volti, toka -0.2 mpaka 0.9 na kurudi. Kila mzunguko, utando wa kijani unanenepa. Tulipomaliza tu kuunganisha nyaya, umeme ukakatika.

"Umeme wa nini, kaka?" akasema mwenzangu. "Tutie persalfeti."

Kikemia alikuwa sahihi. Persalfeti ya amonia inapokonya elektroni yenyewe, haisubiri mita ya umeme. Akaichanganya na anilini kwenye bika la kioo. Kimya. Maji meupe. Mchanganyiko huu una kawaida ya kutulia kwanza kabla haujaanza vituko, lakini yeye subira hana, akalitikisa bika. Mlango ukafunguliwa, msimamizi wetu akachungulia, mwenzangu akashtuka, na nusu ya bika ikatua miguuni pangu.

Anilini ni sumu na inapenya ngozi, kwa hiyo nikakimbilia bomba. Bomba kavu: pampu nayo ilikuwa inangoja umeme. Maji ya chupa yakatosha miguu tu. Pindo la kanzu tukalitazama wote wawili, halikuwa na doa lolote.

"Maji tu hayo," akasema mwenzangu.

Magomeni tulipokewa vizuri. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, tukakalishwa jamvini. Mimi ndiye niliyeshika sinia lenye barua. Mshenga akaanza mbali, kama kawaida yao, kwamba tumepita njia tukaona ua limechanua. Alipofika kwenye ua, mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, anko anageuka kijani."

Nikainama. Pindo lilikuwa limeshavuka ubluu, limeingia kijani cha msikitini, na lilikuwa linaendelea. Pamba inaishika rangi hii barabara; tangu miaka ya 1860 wazungu walitia nguo weusi usiochuja kwa anilini hiyohiyo.

Shangazi wa binti, mama mwenye huruma, akaninyanyua mpaka uani, akaletewa beseni na sabuni ya mche. Akasugua. Kijani kikawa buluu.

Akaiachia kanzu kama imemng'ata. "Wewe mtoto wa nani?"

"Shangazi, ni kemia tu. Kwenye asidi inakuwa kijani, kwenye sabuni inakuwa buluu. Nipeni ndimu niwaonyeshe."

Hapo ningenyamaza ningekuwa na heshima zangu mpaka leo. Ndimu ikaletwa, pindo likarudi kijani, na watoto wote wa mtaa ule wakahamia uani. Huyu na ndimu, yule na sabuni, mwingine kaenda jikoni kuiba magadi. Sharubati ya ukwaju ya wageni ikaishia kwenye kanzu yangu. Kutoka sebuleni nikasikia sauti ya bibi wa binti: "Barua tumeipokea. Majibu mtaletewa. Ila huyo kinyonga msije naye tena."

Mjomba hakunisemesha njia nzima.

Jumatatu umeme ulikuwapo. Penseli yetu tukaipima kwanza: mstari wa grafu umelala, hata kilima kimoja hauna. Mwenzangu akaniomba kipande cha pindo. Akakibana kwenye klipu, akakichovya kwenye asidi, akawasha mashine. Vilima viwili vikienda, viwili vikirudi, alama ya polianilini, tena safi kuliko zote tulizowahi kupata.

Msimamizi akaitazama grafu muda mrefu, akavua miwani. "Hii ndiyo nayoitafuta siku zote. Sampuli gani hii?"

"Kanzu, Daktari."

Hakucheka. Akaandika kitu daftarini.

"Pimo moja si matokeo, mnajua. Lazima irudiwe mara tatu." Akanitazama kuanzia shingoni mpaka viatuni. "Nyumbani una kanzu ngapi?"