Andazi la Mabatini lina dola ndani yake

Ukipita Mabatini, hapa Mwanza, asubuhi utasikia watu wakimlalamikia mama wa maandazi: bei ni ileile ila andazi limenywea. Mimi namtetea. Ngano tunayokula nchini nyingi inatoka nje, na nje hainunuliwi kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Kwa hiyo hata bei ya dunia ilipotulia baada ya mtikisiko wa vita vya Urusi na Ukraine, huku kwetu nafuu yake iliishia kwenye kubadilisha fedha. Bado hujamlipa mwenye lori: kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za dizeli.

Wapo wanaosema turudi kwenye michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Navipenda, lakini bodaboda anayewahi abiria saa 12 asubuhi anataka kitu cha kula huku kashika usukani. Mji ukikua, ngano inaliwa zaidi. Ndivyo ilivyo.

Ninapotofautiana na wengi ni kwenye ushuru wa ngano ya nje: wao wanataka upandishwe. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, ila Tanzania imekuwa ikiomba nafuu na kutoza 10. Mchele ni 75. Basi utasikia: mbona mkulima wa mpunga analindwa, wa ngano anaachwa? Kwa sababu mpunga upo. Magu, Sengerema na Kahama wanalima, wanavuna, wanauza. Ngano ya kulinda iko wapi? Yale mashamba makubwa ya Hanang', mkoani Manyara, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970 hayakudumu na nguvu ile. Ukipandisha ushuru leo, mkulima hapati mbegu wala mnunuzi; anayepata ni hazina, na anayelipa ni yule mama wa Mabatini.

Tuanze na mkataba. Mkulima wa shayiri kaskazini hupanda kwa uhakika pale kiwanda cha bia kinapomwambia mapema kitanunua. Wenye viwanda vya unga nao wampe bei kabla hajapanda, na serikali iwabane: anayetaka kibali cha kuagiza kwa asilimia 10 aonyeshe kwanza tani alizonunua hapa nchini. Ushuru upande baadaye, taratibu, kadiri ngano ya ndani inavyoingia kinuni.